Daftari Lilisema "Dogo": Barua ya Wazi kwa Idara ya Afya ya Kaunti ya Kilifi

Mheshimiwa Waziri wa Afya wa Kaunti, pamoja na maafisa wote wa idara yako,



Barua hii naiandika kwa vipande, dakika 20 kila asubuhi, kabla jua halijafika kwenye mabati ya jirani na kuanza kunirushia mwanga machoni. Kengele ya simu ikilia naweka kalamu chini, hata kama sentensi imefika katikati. Mkiona mahali nimerukia jambo jingine ghafla, huenda pale niliacha Jumanne nikarudi Alhamisi. Mtaniwia radhi.

Mimi ni fundi wa cherehani hapa Muyeye, Malindi. Nashona madera, napunguza suruali za watu viuno, lakini riziki yangu kubwa ni sare za shule, na msimu wake ni Januari. Basi ilikuwa Januari 2024. Mtoto amesimama mbele yangu, mamake kando. Nampima bega: inchi 15. Nageuka kuandika kwenye daftari, hatua moja tu kutoka niliposimama, na ile 15 imeshaondoka. Sikuichanganya na 16, la. Pale ilipokuwa ni patupu, kama mtu aliyefungua mtungi akakuta hata unyevu hamna. Nampima tena, nageuka, tupu. Mara ya tatu nikaitaja kwa sauti njia nzima kama mtoto aliyetumwa dukani. Mamake mtoto akacheka, nami nikacheka naye.

Siku hiyo hiyo nilikata blauzi tatu, zote mikono ya kushoto. Nilisahau kuigeuza karatasi ya kukatia. Fundi yeyote hukosea hivyo mara moja akatukana kimoyomoyo, mambo yakaisha. Mimi nilikata mikono sita ya kushoto, nikaipanga vizuri mezani, nikamwita mwanafunzi wangu aishone. Msichana akaitazama, akanitazama mimi, asiseme kitu. Alikuwa ananistahi. Nikamfokea kwa kule kunistahi kwake mpaka watu wa kioski cha mbele wakatoka nje kutazama.

Wiki tatu kabla ya hapo nilikuwa nimeanguka na bodaboda.

Ajali yenyewe ilikuwa ya aibu kuisimulia. Tulikuwa tunatoka mjini, nimepakata jora la tetroni ya bluu. Mbuzi akakatiza. Kijana wa boda akashika breki, tairi la nyuma likateleza mchangani, mimi nikaenda upande huu na jora upande ule. Mwendo tuliokuwa nao, mtu wa baiskeli angetupita. Kisogo changu kikagonga rundo la mawe ya ujenzi kando ya njia, yale ya matumbawe tunayojengea huku kwetu. Damu haikutoka. Uvimbe ulikuwa kama ndimu. Helmeti sikuwa nimevaa. Ile moja iliyokuwepo ilikuwa imening'inia kwenye usukani, na mimi sikuitaka kwa sababu ilinuka jasho la watu mia na ingenivuruga mtandio. Hilo ni kosa langu nalikiri hapa hadharani, nanyi msilifanye ndiyo barua yenyewe.

Mama karanga aliyekuwa akikaanga samaki pale anasema niliketi mchangani nikauliza, "Jora langu liko wapi?" Nikaonyeshwa. Baada ya dakika moja nikauliza tena. Nilipouliza mara ya tano akamtuma mtoto aniletee maji. Katika yote hayo mimi nakumbuka harufu ya mafuta ya samaki tu.

Nikapelekwa kituo kimoja cha afya. Sitakitaja, na sina kinyongo nacho. Tabibu aliniuliza jina, siku na mahali. Alinimulika macho kwa tochi ya simu, akaniambia nimfinye vidole, akanitembeza kutoka mlangoni hadi dirishani. Kisha akaandika kwenye daftari langu maneno matatu ya Kizungu ambayo maana yake ni jeraha dogo la kichwa, akanipa paracetamol za siku tatu. "Uko sawa, mama. Nenda ukapumzike." Pale kwenye benchi nje palikuwa na kijana mguu umevunjika mahali pawili, mfupa unaonekana. Nikaona haya kwa kuwapotezea muda.

Neno lile "dogo" nimeishi nalo karibu miaka miwili sasa. Binti wa dada yangu anasomea uuguzi, ndiye aliyenisomea mengi nitakayoyasema hapa, maana kwa miezi ya mwanzo skrini ya simu ilikuwa inanichoma macho. Yeye asoma, mimi nimelala na kanga usoni, nasikiliza.

Mwaka 1974, katika mji wa Glasgow kule Uskoti, madaktari wawili, Graham Teasdale na Bryan Jennett, walitoa kipimo cha fahamu ambacho hadi leo kinatumika dunia nzima, na bila shaka Malindi. Mgonjwa hupewa alama kwa kufungua macho, kwa kusema na kwa kusogeza viungo. Aliye macho kabisa hupata 15, aliyezama kabisa 3. Baadaye ikawa desturi: wenye 13 hadi 15 jeraha lao huitwa dogo, wanaofuata la wastani, na walio chini zaidi kubwa. Sina ugomvi na kipimo hicho. Kinajibu swali la saa za mwanzo: huyu anaelea au anazama? Tabibu wangu alilijibu sawasawa. Nilikuwa naelea. Alama 15 nilistahili, au 14 tukihesabu lile jora.

Lakini hizo 15 huzipata pia aliyejigonga kwenye mlango wa kabati na kufikia jioni kasahau. Tukaandikiwa neno moja, tukapewa dawa moja, yeye akaenda zake na mimi nikaja kukata mikono sita ya kushoto. Kipimo cha usiku mmoja kimegeuzwa kuwa hukumu ya mwaka. Na si mimi fundi wa Muyeye tu ninayelalamika. Mwaka 2025 kundi la wataalamu kutoka nchi 14 walitoa pendekezo kwamba tuache kuyapanga majeraha ya ubongo kwa maneno haya matatu peke yake. Wanataka alama za fahamu zibaki, ziongezwe vipimo vya damu na picha, na pia lihesabiwe jambo ambalo mimi nalipenda zaidi: mtu huyu anarudi nyumba ya namna gani, alikuwa na maradhi gani kabla, ana nani wa kumtazama. Vipimo vya damu vya ubongo najua havitafika kwetu kesho. Lakini kumuuliza mtu anarudi wapi hakuhitaji mashine.

Kuhusu kinachotokea ndani ya kichwa, nimejitungia mfano wangu. Sokoni, kabla hujanunua nazi kavu, unaitikisa sikioni usikie maji yakicheza. Kifuu kizima, hakina ufa, na ndani mna kitu kinachokwenda mbele na nyuma. Mfano hautoshi, maana ubongo haukulegea hivyo, umezungukwa na maji na utando. Hata hivyo kichwa kikisimama ghafla, wenyewe huendelea kidogo. Nyuzi zake, nyembamba kuliko uzi wowote nilioupitisha kwenye sindano, huvutika. Chumvi zilizopaswa kuwa ndani ya seli hutoka, za nje huingia, na seli hudai sukari nyingi ili zijipange upya, wakati ule ule ambapo damu ya kuileta sukari imepungua. Picha ya kompyuta huona mfupa uliopasuka na damu iliyovuja. Njaa hiyo haiioni. Ndiyo maana mtu anaweza kujikokota hadi Mombasa, akauza mbuzi kulipia picha, akaambiwa ni safi, akarudi nyumbani na maumivu yale yale, sasa na sifa ya uongo juu yake.

Kwa wengi njaa hiyo hutulia yenyewe, na hili naomba lisemwe kwa sauti kwa kila anayeumia: wengi hupona, katika siku, wiki au miezi michache. Mwaka 2019 lakini zilitoka habari za majeruhi waliofuatiliwa katika hospitali 11 za Marekani. Mwaka mzima baada ya jeraha "dogo", asilimia 53 walikuwa bado na kitu katika maisha yao ya kila siku ambacho hakijarudi kama zamani. Watafiti wakawalinganisha na watu walioumia mikono na miguu bila kuumia kichwa, nao walikuwa asilimia 38. Nataja zote mbili kwa sababu binti huyo wa dada yangu alinikemea nilipotaka kuitaja ya kwanza tu. Tena hao walikuwa watu waliofikishwa hospitali kubwa, sio kila aliyejigonga. Ukitoa yote hayo, bado wamebaki watu wengi ambao daftari lilisema dogo na mwili ukasema vingine.

Na hili kaunti yetu ilipaswa kulijua kabla ya wengine. Tangu 1989 kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kiko pale mjini Kilifi, ubavuni mwa hospitali yetu kuu. Miaka mingi akina Profesa Charles Newton na wenzake waliwafuata watoto waliopona malaria iliyopanda kichwani. Mtoto amezinduka, anakula, anacheza, mama ameambiwa amepona, amekwenda nyumbani. Wao wakamfuata mpaka nyumbani, wakampima kusema, kukumbuka, kutulia darasani. Karibu mmoja kati ya wanne alikuwa amebaki na pengo mahali fulani. Ni watoto wa hapa hapa waliosaidia ulimwengu kujua kwamba ubongo uliotoka hospitali bado una safari, na habari hiyo imesomwa London na Geneva. Mtu mzima wa Muyeye aliyeanguka na pikipiki haijamfikia.

Muyeye, kama mwapajua, si mahali pa kuuguza kichwa. Asubuhi fundi wa kuchomelea vyuma, mchana honi za boda, usiku spika za matanga ambazo huanza Ijumaa zikanyamaza Jumapili. Zamani kelele zote hizo kwangu zilikuwa kama bahari, huisikii mpaka mgeni akutajie. Baada ya kuanguka kila sauti ilikuja peke yake na kila moja ikataka nafasi. Sikuweza kushona huku naongea na mteja. Ama mguu uende kwenye kanyagio ama mdomo uende. Ramadhani ilipoingia, Machi, usingizi uliokuwa umeshakatika ukakatwa tena na daku. Nikaacha kufunga siku tisa. Kila alasiri nilikuwa naishiwa kama betri, ghafla, niko katikati ya pindo.

Nikawa mkali. Mume wangu alihesabu maneno yake kabla ya kuyatoa. Mavyaa alikuja kutoka Ganda kukaa nasi wiki moja, akanitazama siku mbili, ya tatu akamwambia mwanawe kwamba mke huyu hakuanguka, ameangushwa. Na palikuwa na bibi mmoja jirani, mjane, macho mekundu kwa moshi wa kuni miaka sitini, ambaye siku ya ajali alikuwa ameketi mlangoni pake akatuona tukipita. Jina lake likaanza kutajwa ndani ya nyumba yangu, kwa sauti ya chini, wakidhani nimelala.

Mheshimiwa, mwajua Kilifi hadithi ya namna hii huishia wapi. Wazee wetu wamekatwa mapanga kwa tuhuma za uchawi, na wengine wako Kaya Godoma, kule Ganze, wamekimbilia hifadhi wasirudi kwa watoto wao wenyewe. Sisemi kila tuhuma ilianza na kichwa kilichogongwa. Nasema mtu akibadilika tabia na hakuna aliyeambiwa kwamba kubadilika huko kuna sababu na kuna jina, watu hutafuta sababu yao. Mimi niliokoka na bibi yule akaokoka kwa sababu binti wa dada yangu alikuja likizo akaketi na mavyaa, akamwonyesha kwenye vitabu vyake kwamba hasira, kusahau na kukosa usingizi huandikwa pamoja, orodha moja, chini ya kichwa cha habari kimoja. Mavyaa hajui kusoma. Alitaka tu kuona kwamba imeandikwa.

Kizunguzungu nacho kilikuwa kisa kingine. Nikijigeuza kitandani upande wa kulia, chumba kilizunguka. Nikiinama kuokota uzi, kilizunguka. Nilikunywa vidonge vya duka la dawa miezi minne. Baada ya Idi mteja mmoja akaniambia nimwone mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali fulani, nikaenda nikidhani ni wa migongo. Kijana mdogo, hata ndevu hana. Akanikalisha kitandani, akanigeuza kichwa, akanilaza haraka kichwa kikining'inia ukingoni. Dunia ikazunguka kama feni, nikamshika mkono nusura nimvunje. "Tulia, mama, nayaona macho yako yanavyocheza, itapita." Ikapita. Akanigeuza upande wa pili, akangoja. Akanilaza ubavu, akangoja. Akaninyanyua.

Dakika kumi, labda pungufu.

Akanieleza kwamba ndani ya sikio mna punje ndogo sana za chokaa, chokaa kama ile iliyomo kwenye matumbawe, na kichwa kikigongwa zinaweza kutoka mahali pake na kuingia kwenye mfereji wa mizani ya mwili. Kule kunigeuzageuza ni kuzirudisha. Mbinu hiyo ilibuniwa na daktari wa Marekani, John Epley, na kinachohitajika ni kitanda na mikono ya anayejua. Si kila kizunguzungu cha aliyegongwa kichwa ni hicho. Changu kilikuwa hicho. Nilirudi mara moja tena baada ya wiki, kikaisha. Miezi minne, Mheshimiwa, natembea nimeshika kuta, na dawa yake ilikuwa kugeuzwa kichwa kwenye kitanda ambacho kila hospitali yako inacho.

Nilipotoka pale sikufurahi kama ilivyonipasa. Nilikuwa nawafikiria wagema. Kizunguzungu changu mimi kilinigharimu pindo zilizopinda. Mgema anapanda mnazi asubuhi na jioni, akishika kwa nyayo zile ngazi zilizochongwa kwenye shina, kibuyu kiunoni. Yule aliyeanguka kutoka mnazi mfupi mwezi uliopita, akaambiwa ni jeraha dogo, akarudi juu kwa sababu mnazi usipogemwa kila siku huacha kutoa tembo, nani alimuuliza kama akitazama juu anaona giza? Na vijana wa boda. Tangu serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwenye pikipiki ndogo mwaka 2008 hakuna kazi iliyomeza vijana wetu kama hii, na pikipiki nyingi ni za mkopo au za tajiri: jioni lazima pesa yake ifike. Kijana ameanguka Jumatatu, Jumanne yuko stejini na kichwa kinagonga kama ngoma, na kasi yake ya kukwepa imepungua kwa kiasi ambacho yeye mwenyewe hakijui. Kugongwa mara ya pili kabla ya mara ya kwanza kupoa ndiko madaktari wa michezo wanakokuogopa kuliko yote. Mchezaji wa raga huko kwao hutolewa uwanjani kwa lazima. Dereva wa boda mwamuzi wake ni deni.

Wapo wengine siwezi kuwaruka, ingawa nilimwahidi mume wangu kwamba ataisoma barua hii kabla haijatoka. Katika kibanda cha fundi wanawake huvua nguo. Naona mgongo, naona mkono, na nikiwapitisha tepu kichwani kwa kofia ya harusi au kwa mtandio nakuta uvimbe. "Nilijigonga mlangoni, shoga." Milango ya Muyeye ni mibaya sana. Hawa hawaendi kituoni, na wakienda hawasemi, na baada ya miezi wanaitwa wavivu, wasahaulifu, wenye gubu. Wengine wamegongwa mara nyingi kuliko bondia.

Sasa niseme ninachotaka. Sizungumzii mashine. Sizungumzii bima ya afya ya SHA, ambayo tangu ichukue nafasi ya NHIF Oktoba 2024 kila mtu ana barua yake ya kuiandikia. Nataka karatasi.

Karatasi moja, Kiswahili cha watu, herufi kubwa kwa sababu atakayeisoma macho yanamuuma, ipewe kila anayeruhusiwa kwenda nyumbani baada ya kuumia kichwa, na asomewe yule aliyemleta. Juu yake yaandikwe ya kumrudisha mgonjwa mbio usiku huo huo: akitapika mara kwa mara, akipata degedege, akianza kusema ovyo, akilala asiamshike, mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, mkono au mguu ukilegea, maji au damu ikitoka puani au sikioni, kichwa kikizidi kuuma badala ya kupungua. Chini yake yale yasiyotisha lakini yanakuja: mwanga, kelele, usingizi, kusahau, hasira, uchovu wa ghafla. Kwamba hayo ni ya jeraha, wala mtu hajarogwa wala hajawa mvivu. Kwamba wengi huyaona yakipungua.

Tena karatasi hiyo itusaidie kufuta mambo mawili. Moja ni hili la kumkatalia mgonjwa usingizi. Mimi usiku wa kwanza niliketishwa, nikapigwa vikofi mashavuni, nikamwagiwa maji hadi adhana ya alfajiri, kwa mapenzi mema kabisa. Mtu aliyekwisha kuangaliwa na tabibu, na ambaye yupo wa kumtazama na kumwamsha, alale. Usingizi ni sehemu ya dawa. La pili ni kinyume chake, kumfungia mtu chumbani gizani mwezi mzima. Wataalamu wa majeraha ya kichwa michezoni walipokutana Amsterdam mwaka 2022 walikubaliana kuwa mapumziko ni ya siku moja au mbili, na hata hizo si za kulala tu. Baada ya hapo mtu atembee kidogo, afanye kidogo, aongeze polepole, dalili zikizidi apunguze. Hizi dakika 20 zangu ndizo hizo. Nilianza na tano.

Na vidonge. Kioski cha mbele yangu huuza dawa za kichwa mbili mbili kama pipi. Nilizinywa kila siku tangu Januari hadi Mei, na hakuna aliyeniambia kwamba dawa ya maumivu ikinywewa zaidi ya nusu ya siku za mwezi, yenyewe huanza kuleta maumivu. Nilipoziacha kichwa kiliuma wiki moja vibaya mno kisha kikapungua kuliko kilivyokuwa. Liandikeni hilo pia.

Juu ya karatasi, tarehe. Wiki mbili mbele, iandikwe kwa kalamu, mgonjwa arudi hata kama anajiona mzima. Asipoweza, wapo wahudumu wa afya ya jamii waliopewa mikoba, wale waliozinduliwa Septemba 2023. Wetu hapa ni mwanamke hodari, hupima presha na sukari, huuliza chandarua, huuliza choo. Hajawahi kuuliza, "Humu ndani kuna mtu aliyegonga kichwa mwaka huu? Yukoje?" Si kosa lake, halimo kwenye maswali aliyopewa. Liingizeni. Na mumwambie amuulize mwanamke akiwa peke yake.

Helmeti nimezirudia mwisho makusudi. Sheria inamtaka dereva awe na yake na ya abiria, na tafiti zilizokusanywa zinaonyesha hupunguza majeraha ya kichwa kwa takriban asilimia 69 na vifo kwa 42. Mimi siku hizi nina yangu, na nimeishonea kitambaa cha ndani cha kutoa na kufua. Nimewashonea vijana wa steji yetu vitambaa kumi hivyo, vya mabaki ya tetroni, abiria avae chake chini ya helmeti asiogope jasho la mwenzake. Sita vimepotea. Vinne bado vinatumika, na wanawake wawili nimewaona kwa macho yangu wamevaa helmeti juu ya mtandio. Idara ikitaka mfano wa kukatia nitautoa bure.

Hali yangu mimi? Kelele nimezizoea nusu. Hasira imerudi ilipokuwa, mume wangu akiulizwa atasema ilikuwepo kidogo tangu zamani. Kumbukumbu ya namba haijarudi yote. Bibi yule jirani huja alasiri kuketi kibandani kwangu, nami humpa vifungo avipange kwa rangi ingawa rangi hazioni vizuri. Mavyaa akija husalimiana naye.

Karatasi ikichapishwa, nileteeni bunda moja. Kibanda changu kiko njiani, na walioanguka hupita hapa kabla hawajafika kwenu, kuomba kitambaa cha kufunga.

Simu imelia. Nina sketi 11 za bluu za kumaliza leo, na kipimo cha kila mtoto nimekiandika ukutani kwa chaki, kikubwa, juu ya jina lake.

Wenu,
Fundi wa cherehani,
Muyeye, Malindi